Jumanne Jioni, Kuopio

Vinanda vinane, hedifoni nane.
Chumbani husikii muziki, ni vidole tu,
tak, tak, kama kuku wanaodonoa mbao.

Raija, dereva wa katapila la theluji:
mkono wa kulia umeshafika nyumbani,
wa kushoto bado unatafuta funguo.

Veikko anakanyaga pedali kama breki.

Mwalimu Tuulikki akachomoa nyaya, mmoja mmoja.
"Sasa pamoja. Ukikosea usisite, songa."

Tukakosea. Tukasonga.
Mstari wa tatu nikamsikia Raija,
mara ya kwanza tangu Septemba:
kumbe naye huchelewa palepale nichelewapo mimi,
kwenye kile kibonye cheusi;
na tulipochelewa wote wawili
ikawa kana kwamba
ndivyo ilivyoandikwa.