Pigo la Kimya

Daktari wa KCMC alisema ni diski ya nne.
Usibebe magunia, na kampeni zikiisha, pumzika.
Mke wangu akasema: nenda kwa Hansa.

Basi kila Jumanne na Alhamisi, jua halijachomoza,
mgombea udiwani anashuka kutoka Kibosho,
anavua soksi juu ya duka la vitenge karibu na Soko la Kati,
analala mkekani kati ya muuguzi na fundi saa,
anaambiwa apumue.

Hansa ana miaka sabini. Alizaliwa mtaa huu huu,
na mbu akimuuma hutukana kwa Kichaga kilichonyooka.
Hahubiri. Husubiri usimame kwa mguu mmoja,
usipoweza kubisha, ndipo aseme.
"Asteya," alisema Alhamisi ile. "Usichukue usichopewa.
Hata pumzi ya aliye mbele yako. Vuta yako."
Nikaanguka. Muuguzi akacheka.

Jioni, mkutano.
Oforo, mpangaji wa kampeni yangu, amekodi kikundi cha iringi:
njuga, ngoma mbili, wanawake kumi na wawili,
na Elinaike, muuza miche ya kahawa, ndiye anayeongoza.
Sauti yake ina kokoto.

Wimbo ni wa mfongo.
Anaujua kila aliyewahi kuoga maji yale.
Unawataja waliochimba, mmoja baada ya mwingine:
aliyepasua mwamba kwa moto na maji baridi,
aliyefukiwa na udongo siku ya tatu,
yule mfupi aliyepima mteremko kwa kulala chini na kutazama,
mpaka mahali ambapo wimbo hunyamaza pigo moja,
kwani jina la mtu wa mwisho lilisahaulika
na hakuna aliyethubutu kubuni.

"Pale pale," Oforo akaninong'oneza. "Pana nafasi.
Jina lako ni silabi tatu, litakaa kama limeshonewa."
Alikuwa ameshalipa. Laki mbili, na mbege.

Elinaike akaniuliza mbele ya watu, bila ukali,
kama anayeuliza mche huu ni wa kivulini au wa juani:
"Na wewe ulichimba wapi?"

Ningeweza kujibu kwa fumbo. Siasa imenifunza mafumbo:
kwamba kuchimba kuna namna nyingi,
kwamba nilipokuwa mweka hazina wa kamati ya maji
barua ya saruji niliisaini mimi.
Niliisaini, ndiyo.
Ikaja mifuko arobaini. Kumi na mmoja
ikaliwa na ukuta wa nyumba ya Oforo,
nami nikapita pale miaka miwili
nikiusifia jinsi ulivyonyooka.

Uzito wangu wote ulikuwa mguu wa kulia.
Nikavuta pumzi. Yangu.
"Uimbeni kama ulivyo," nikasema.
Kisha, kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa wazi
na ulimi umeshaanza kuteremka,
nikaitaja mifuko.

Oforo akakagua viatu vyake. Ngoma ikaanza.
Njuga, vumbi, mtoto mmoja akicheza nje ya mstari.
Walipofika pale, pigo moja, kimya,
nikasikia maji nyuma ya migomba
yakipita zake.

Nilishindwa kwa kura sitini na moja.
Siku hizi sokoni naitwa Kumi na Mmoja,
wengine kwa heshima, wengine sijui.
Elinaike hunipunguzia bei ya miche, hasemi kwa nini.
Mgongo bado unauma. Hansa hakuniahidi vinginevyo.
Juzi alinisogeza kisigino kwa ncha ya kidole cha mguu wake.
"Bado unaegemea ukuta," akasema.

Nikageuka.
Kweli, ukuta upo.