Nakala Tatu

Nsimire, zamu yako ikifika,
ukishanyanyua mkono na kuyatamka yale maneno,
usikimbilie soda. Mimi nilikimbilia soda.
Simama kwanza kivulini, usome jina lako kwenye cheti
herufi kwa herufi,
kama unavyokagua pindo kabla mteja hajavaa.
Langu waliliandika Fayida.
Herufi moja tu hiyo ya katikati
ilinirudisha Kampala mara mbili,
basi la saa kumi alfajiri, nauli ya mfukoni mwangu.

Cheti usikitie plastiki.
Dukani watakushawishi, watasema kitang'aa.
Mwache ang'ae anayeuza plastiki.
Toa nakala, tatu:
moja ya ofisini, moja ya benki,
ya tatu mimi niliishonea ndani ya mto wa kulalia.
Cheka tu. Wewe hukuuona usiku tuliotoka Bukavu,
ulikuwa mgongoni.

Halafu kitambulisho.
Anza kwa mwenyekiti wa kijiji, upate barua.
Wetu hapa Kisenyi ni Rwakaikara, yule fundi baiskeli;
aliiandikia juu ya paja, grisi ikabaki pembeni,
kisha akaniangalia: "Kwani ulikuwa bado?"

Usiku wa kabla ya alama za vidole, jipake glisirini.
Sisi wa pasi na sindano vidole vyetu vimefutika.
Mashine ilinikataa mara nne.
Karani akanifuta kidole kwa kitambaa, taratibu,
kama anayefuta pua ya mtoto wa mwenziwe.

Sasa sikiliza. Kwenye fomu kuna kisanduku cha kabila.
Zungumza na moyo wako nyumbani,
usingoje kubishana nao dirishani.
Nilisema: Mushi.
Akapanda na orodha, akashuka nayo.
"Hapa hamna."
Foleni ikakohoa nyuma yangu.
Hamna! Na miaka ishirini na mitatu
nimepima viuno vya mabibi harusi wa Fort Portal,
najua nani alikaza gauni mwezi wa nne wa mimba
na sijamwambia mtu.
Mwishowe kuna kitu aliandika, nami nikatia sahihi.
Siku mbili sikuigusa cherehani.
Alichoandika utakisoma ukija.

Na empaako haina kisanduku.
Abwooli: jina nililopewa na majirani
wiki niliyomzaa Cibalonza,
kwa sima ya ulezi na samaki wa moshi,
hakuna aliyeniomba nakala.

Mengine ni ya miguu tu.
Laini ya simu, isajili kwa namba mpya
kabla haijafungwa ukiwa unadaiwa mkopo.
Benki, nenda Jumanne, Jumatatu kuna walimu.
Kibali cha zamani usikichane hata kama mkono unawasha;
kuna siku mtu atauliza uliingiaje.

La mwisho halimo kwenye fomu yoyote.
Mkutano wa kijiji, nenda.
Miaka yote nilikuwa naazimisha viti vyangu
na kurudi zangu kushona.
Safari hii nilikikalia kimoja.
Suala lilikuwa mtaro: upite nyuma ya kinu cha unga
au upande wetu?
"Wa nyuma ya kinu, mikono juu."
Wangu ulipanda ukaishia sikioni,
ukajifanya unatengeneza kitambaa cha kichwa.
Rwakaikara akahesabu, akanipita, akarudi.
"Na Abwooli?"

Nikaupandisha wote, Nsimire,
mpaka kwapa likaona jua.

Tulishindwa. Kumi na tisa kwa thelathini na mmoja.
Mtaro unapita mlangoni kwangu sasa,
nimetandika ubao.
Ukija, vuka polepole, una msumari upande wa kulia.
Na siku yako ya fomu beba kalamu yako mwenyewe;
ya pale dirishani imefungwa kwa kamba,
na kamba ni fupi.