Kibaba cha Kumi na Mbili

Tartu, Januari. Theluji imeziba nusu ya dirisha la ofisi ya posta
na mimi naiuliza mashine swali lile lile kwa mara ya tatu.

Kwanza niliandika: ambapo jumla ya barua haipungui kumi na mbili.
Ikakataa. Mstari mwekundu, neno moja: kosa.
Tõnis wa meza ya pili akacheka, mkate mweusi mdomoni:
"Jumla ipi, Maarika? Hujakusanya.
Ambapo ni bawabu. Huitazama barua moja moja mlangoni,
haijui nyuma yake zimepanga foleni ngapi."

Basi nikaanza upya.
Ambapo mwaka ni uliopita, na si tangazo la duka.
Yakaanguka makaratasi ya samaki wa bei nafuu, maelfu.
Zilizobaki nikazipanga kwa kijiji,
kila kijiji fungu lake, kila fungu hesabu yake chini.
Ndipo nikaweka neno la mwisho:
mafungu yenye barua zisizopungua kumi na mbili.

Sekunde mbili. Ikatoka orodha safi
kama sakafu iliyopigwa deki.
Hivyo vitabaki na sanduku la barua.
Vilivyokosekana havikuachiwa hata mstari
wa kusema vimekosekana.

Kuuseveere hakimo.
Nikaigeuza alama, nikavisoma vilivyochujwa.
Kuuseveere: kumi na moja.

Tumefundishwa haba na haba hujaza kibaba.
Hakuna aliyetusimulia habari za haba
iliyofika ukingoni, ikapungua punje,
ikamwagwa yote.

Nikalifungua fungu.
Bili ya umeme, nne. Hospitali ya macho, mbili.
Kanisa. Kanisa tena.
Shangazi Salme kutoka Võru, mara tatu,
yeye ambaye mkono humtetemeka hata kwenye anwani.
Zote kwa mlango mmoja wa kijani, kwa mama.

Yangu haipo.
Niliahidi Machi, nikapiga simu.
Aprili nikapiga simu.
Simu haina safu katika jedwali hili.

"Imekubali?" akauliza Tõnis, mkono mmoja ndani ya koti.
Imekubali, nikasema. Swali ni sahihi.
Nikalihifadhi, nikalituma kwa mkurugenzi,
saa kumi na nusu, giza limeshaingia,
nikatoa bahasha kwenye droo, nikaandika jina lake,
nikijua mwaka ule umeshahesabiwa.