Nambari Kumi na Saba

Kwenye karatasi zetu yeye ni Kumi na Saba.
Kwao Ndagoni ni Mize Faki, mvuna chumvi,
na mwezi wa pili huu, jua limesimama juu ya Chake
kama mdai mlangoni,
yeye kaja kavaa sweta ndani ya buibui.

"Baridi yako, kwa moja mpaka kumi?"
"Baridi haina moja mpaka kumi, mwanangu.
Ina mikono, ina miguu."
Naandika nane.

Tezi ya shingo imezembea, haitii kuni.
Mwili uliokosa moto hujikunja,
mishipa ya vidoleni ikafumba kama ngumi ya bahili,
damu ikahangaika, presha ikapanda.
Kidonge cha tezi anaendelea nacho.
Hiki chetu cha majaribio hakiwashi moto,
tuliwasomea hivyo kabla hawajatia dole gumba.
Kazi yake kuifumbua ngumi tu.
Nusu yao wanapewa hicho,
nusu wanapewa unga mtupu.
Nani kapewa kipi, mimi sitakiwi kujua.

Wiki ya pili namlaza, napima.
Namsimamisha, napima: mshale umeporomoka,
kashika meza, macho yanatafuta ukuta.
"Na alfajiri pia," anasema, "nikiinuka kwenye sijida,
dunia inakwenda Wete bila mimi."
Anacheka. Naandika: kizunguzungu, cha wastani.
Akanipa mkono wa kuagana
na mimi nisiyetakiwa kujua
nikaukawiza kuuachia.

Wiki ya kumi na mbili tukahesabu vidonge vilivyobaki,
tukafunga kabati, funguo zikapelekwa Unguja.
"Sasa vile vyenu navipata wapi?"
Nikamwambia matokeo yatakuja.
"Yatakuja na nini?"

Aliniachia chumvi, pakacha dogo, ya shambani kwake,
punje kubwa kubwa, bado na unyevu.
Miaka thelathini kasimama majini mpaka magotini
akivuna chumvi isiyotiwa madini joto,
akila hiyo, akitulisha hiyo.
Fomu ina kurasa kumi na nne.
Nilitafuta pa kuliandika hilo,
nikaliandika pembeni, kwa penseli.

Usiku nilipika mchuzi wa pweza.
Nikaonja. Umepwaya.
Nikatia ile ile.