Sufuria ya Lagosa

Hii haikuwa yetu. Naisema mwanzo,
asije mtu kuniuliza kwa nini ina herufi T
iliyokunwa kwa msumari chini ya sikio.

Tulitoka Kigoma Jumatano,
saa kumi jioni kwa ratiba,
saa tatu usiku kwa injini.
Bukuru yuko chini huko, grisi hadi kwenye kope,
anaibembeleza kama mkwe,
na pacha wake Butoyi yuko gatini,
anapakia chumvi ya Uvinza.
Walijibizana kwa miluzi
mpaka kamba ya mwisho ikafunguliwa.

Wengine husema safari. Mimi nasema vitunguu.
Kilo ishirini kabla hakujapambazuka,
machozi bila msiba.
Daraja la kwanza wanataka chapati.
Daraja la tatu wanataka pa kunyoosha mguu.
Mwalimu Sinkala, aliyehamishiwa Kasanga,
kalala juu ya magunia ya dagaa
akisahihisha madaftari ya shule aliyokwisha kuiacha.
Mama wa Ikola kamfunga jogoo kwenye boti ya kuokolea.
Jogoo huwika saa saba usiku,
taa ya sitaha ikimdanganya.
Tunamtukana, tunageuka, tunalala.
Asubuhi ndoo inashuka kwa kamba:
maji ya kuoga, maji ya uji, maji ya kudekia,
ziwa ni lile lile.

Lagosa hakuna gati.
Meli inapiga honi, inasimama gizani,
kisha tochi zinaanza kuja, moja, tatu, kumi,
boti zinagongana ubavuni,
mlango wa pembeni unafunguliwa
na watu wanaingia kwa kupokelewa mikononi:
mtoto, gunia, bibi, baiskeli, bibi mwingine.
"Shika!"
Nikashika.
Sufuria, ya moto bado, kifuniko kimefungwa kwa khanga.
Nilidhani mwenyewe anafuata.
Boti ikarudi nyuma.

Nilizunguka meli mara tatu nikiuliza.
Mwalimu alikana, huku akimeza mate.
Kufika adhuhuri tukafungua:
migebuka kwa mawese, na ugali wa muhogo pembeni.
Samaki hangoji mahakama. Tukala.
Bukuru akajifuta jasho, akasema,
"Pilipili hii kaitia mtu mwenye hasira."

Tuliporudi, niliisugua kwa mchanga hadi ikanionyesha uso wangu.
Nikasimama mlangoni: "Ya nani hii?"
Wanawake wanne walisema yao,
kila mmoja akataja herufi yake.
Ndipo kijana wa kasia akacheka:
"Ya Teopista. Alimpikia mumewe, Fulgensi.
Si baharia wenu? Mwaka wa pili sasa
anasema hapewi likizo."

Hatuna Fulgensi.
Hatujawahi kuwa na Fulgensi.
Nilifungua mdomo,
na Bukuru, aliyepanda kuvuta hewa,
akanitangulia:
"Mwambie anamsalimu. Yuko zamu."

Sikulala. Nilimenya vitunguu visivyohitajika.
Kuna uongo unaopika, nao uliwe na nani?

Lakini chombo hakirudishwi kitupu,
mama yangu Ujiji alinifunza hivyo kwa kofi.
Nilikuwa nimetia kilo ya sukari, nikafunga kwa khanga ile ile.
Safari iliyofuata, honi, tochi, "Shika!"
Migebuka. Pilipili ile ile, ya kuua.
Nikarudisha na sabuni, vipande viwili.
Halafu mchele.
Halafu madaftari yaliyobaki ya Mwalimu,
maana kijana wa kasia alisema kuna watoto.

Nikiwa nyumbani Mwanga, siku zangu nne za nchi kavu,
sakafu inanipandisha na kunishusha,
nami najiuliza kama anajua.

Juzi sufuria imekuja na khanga mpya.
Kuhe wawili, wakubwa,
na kwa mara ya kwanza
vijiko vitatu.
Bukuru alionja, akanyamaza,
akaonja tena.
"Pilipili imepungua," akasema.