Sanduku la Kumi na Nne

Jumatatu ya kwanza ya Mfungo Mosi
nilipewa jalada la buluu, limefungwa kwa uzi wa kiatu,
nikaambiwa: Mwanaidi, nenda Malindi ukahesabu.

Jaladani: masanduku kumi na nne ya silaha,
mali ya nchi rafiki, yamelipiwa,
yapelekwe "haraka iwezekanavyo."
Hilo neno haraka
lina umri wa miaka miwili na miezi mitatu,
wino wake ushageuka rangi ya chai.

Bohari namba sita lanuka karafuu kongwe na mafuta ya taa.
Mcha Pandu, mwenye funguo, hakuniamkia;
alinyanyua birika lake juu ya sanduku la kwanza
nipate kusoma nambari.
Juu ya la tano paka kazalia,
vitoto vitatu, macho bado.
"Na hawa," akauliza, "utawaandika?"

Nikahesabu kwa kidole, nikahesabu kwa chaki,
kisha nikamtaka yeye ahesabu kwa sauti.
Akafika kumi na tatu, akakohoa.

Kwa nini hayajaondoka?
Bandari yangoja muhuri wa Wizara.
Wizara yangoja cheti cha bima.
Watu wa bima wangoja Bandari iseme mzigo u salama.
Nikauchora mngojano huo nyuma ya bahasha:
ukatoka duara safi,
hata bikari haichori vile.

Nje ya ofisi yetu, Vuga, kila Jumatatu
alikaa Bwana Nassuf, mjumbe wao,
suti moja, kola imegeuzwa.
Alikodi chumba Kikwajuni kwa wiki mbili,
akakaa mpaka watoto wa mtaa wakamwita Mjomba.
Hakugomba. Aliuliza tu: "Leo?"
Nami nilijibu kama nilivyofundishwa:
"Linashughulikiwa."

Msinidhanie. Mie bunduki sizipendi.
Kaka yangu alipewa moja ya kulindia ghala usiku,
ikamfyatukia mkononi.
Vidole vyake viwili vimemtangulia kaburini,
mwenyewe yu hai, auza maji ya matunda.
Lakini sheria hainiulizi kama chuma ni chema.
Yaniuliza kiko wapi,
na nani kakishika.

Kamatini, Mwenyekiti alijiegemeza akatabasamu:
"Bi Mwanaidi, kawia ufike."
Wakacheka, vijiko vikalia vikombeni.
Nikawaza: methali hii yasema na msafiri.
Aliyesimama mlangoni na taa yake
haikumtaja.
"Andika kumi na nne," akasema.
"Hilo jengine litaonekana."

Jumatatu iliyofuata kiti cha nje kilikuwa kitupu.
Na ya pili yake.
Mwenye nyumba wa Kikwajuni akaniletea kikaratasi,
kimekunjwa mara nne:
*Kituo chetu cha kaskazini kimekwisha. Ahsanteni kwa chai.*

Kimekwisha vipi?
Kimechomwa?
Au wamepatana, vijana wamerudi mashambani
kwa kuwa hapakuwa na cha kupigania?
Nimeuliza simu, nimeuliza magazeti,
kila mmoja ana jibu lake.
Ripoti yetu ina safu saba.
Hakuna hata moja niliyoona
pa kuliandika hili.

Usiku ule umeme ulikatika.
Kwa tochi ya simu, simu imeegemea chupa,
niliandika kwa tarakimu, kisha kwa maneno,
kama hundi inavyoandikwa
asije mtu akapachika lake:
13. Kumi na tatu.
Nikatia saini. Mkono haukutetemeka.
Ulitetemeka baadaye, nikichambua mchele,
chuya na mchele nikavirudisha sinia moja.

Asubuhi Mcha Pandu akapiga simu.
Hakutaja sanduku.
Alisema vile vitoto vya paka
vimefumbua macho.