Mtungi wa Jumberi

Aliufungua mtungi mwezi wa Aprili,
mtungi uliofukiwa ardhini hadi shingoni
kama mtu anayeoga na kuona haya.
Alifukua udongo, akasukuma jiwe la kifuniko,
akachota kwa kata ya kibuyu
na kunipa mimi kwanza.

Mimi kwanza, kwa sababu ya ukuta mmoja kati yetu,
na kwa sababu ya Tsiala,
maana mvinyo wa nyumba ile ulikuwa wa Tsiala
miaka thelathini na minne,
Jumberi akibeba vikapu na kupokea sifa.
Mavuno haya alikuwa peke yake.
Alizikanyaga zabibu na suruali ya msibani
ameikunja hadi magotini.

Nikanywa.
Panya akapita mdomoni mwangu,
kisha siki,
kisha panya tena.

Nugzari, shemeji yake, alikwisha inua glasi:
"Mkono wa marehemu umo humu!"
Mwalimu Eteri akasema una jua ndani yake,
halafu akaomba mkate,
mkate mwingi.

Nami naijua kazi ya uongo mdogo.
Nilimwambia mama daktari ametabasamu.
Nilimsifu binti yangu siku alipojikata nywele
kwa mkasi wa kunyolea kondoo.
Kuna uongo ambao ni blanketi tu,
humsitiri mtu hadi kupambazuke.
Lakini Mei, mwaka wa Tsiala ungetimia:
watu sitini mezani, wengine kutoka Telavi,
kila glasi ikiinuliwa kwa jina lake.
Jina lake, na panya.

Nilingoja wageni watoke.
Nikaanza na hali ya hewa.
Nikapitia bei ya dizeli ya trekta.
Jumberi akanitazama kama unavyomtazama mtu
anayepapasa mfukoni kutafuta ufunguo
mbele ya mlango ulio wazi.
"Sema, Otia."
"Mvinyo umeharibika," nikasema.
"Mtungi hukuusugua."

Ya kwanza ingetosha.
Ya pili nayo ilikuwa kweli, lakini sikuisema kwa ajili yake;
niliisema kwa ajili ya ulimi wangu,
uliokaa kimya mchana kutwa
na sasa ulidai ujira.

Aliichukua glasi mkononi mwangu.
Akaisuuza. Akaifuta. Akaitazama kwenye mwanga.
Kisha akanisindikiza hadi langoni,
kwa adabu zote,
na nikasikia komeo.

Mei, watu sitini walikunywa mvinyo wa dukani.
Sisi hatukualikwa. Lamara, mke wangu,
alipeleka sahani ya mkate wa jibini;
sahani ikarudi na mtoto, imeoshwa, tupu,
na kwa Jumberi sahani tupu ni barua.
"Ulimwambia ukweli," Lamara akasema,
bila kunitazama.
Sikujua kama ananitetea au ananisomea mashtaka.

Kiangazi kizima niliisahihisha ile sentensi.
Niliipunguza nikipogoa mizabibu,
niliilainisha nikikamua mbuzi.
Ng'ambo ya ukuta alikohoa; nami nikakohoa.
Lakini kikohozi si salamu.

Septemba, asubuhi moja, nilisikia kusugua
kukitoka chini ya ardhi.
Nikapanda ukuta.
Uani hapakuwa na mtu, ila viatu viwili,
kamba, na ndoo iliyopanda na kushuka
mikononi mwa yule mtoto wa sahani.
Jumberi alikuwa mtungini, pekupeku,
na brashi ya magome ya mcheri,
akisugua kama anayefuta jambo lililoandikwa.

"Ni Otia huyo ukutani?"
Sauti ilitoka nzito,
kana kwamba ardhi yenyewe ndiyo iliyonuna.
"Ni mimi."
"Njoo."

Nikaruka, goti likagonga jiwe.
Nikalala kifudifudi, kichwa ndani ya shingo ya mtungi.
Giza. Udongo uliolowa.
Chini kabisa, macho yake mawili.

"Sijakusamehe," akasema.
"Nusa."